Mchango Uliomezwa na Deni: Jinsi ya Kusimama na Mgonjwa Bila Pesa Kupotea Njiani

Simu ikilia saa nane usiku na aliyepiga ni mwanachama wa kikundi chenu, huulizi "kuna nini?" Unauliza "mko wapi?"

Hivyo ndivyo alivyotuambia mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Kisumu. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha wazazi 22, na kila mmoja wao ana mtoto anayeishi na ugonjwa wa selimundu. Wenzake humwita Mwalimu tu, nasi tutamwita vivyo hivyo.

Usiku huo aliyepiga simu alikuwa mama anayelea mwanawe peke yake. Kijana ana miaka tisa. Magoti na mgongo vilikuwa vimemshika, homa imepanda, na hawezi hata kuguswa. Mwalimu akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wazazi, mtoto wetu ana maumivu. Tuma ulicho nacho kwa mama moja kwa moja." Ndani ya dakika ishirini watu 17 walikuwa wametuma shilingi 200 kila mmoja. Jumla 3,400. Mwalimu akalala akijua wameshinda.

Kumbe mama hakupokea 3,400. Wiki mbili kabla yake alikuwa amechukua mkopo ule wa simu unaokuongezea pesa salio likipungua, akamalizia karo ya dada ya mtoto. Deni lilikuwa limefika shilingi 1,900. Kila mchango ulipoingia, deni lilijikata lenyewe kwanza. Alibaki na 1,500. Teksi ikachukua 700, kwa sababu mtoto mwenye maumivu kama hayo hawezi kupakiwa kwenye boda. Dawa alizoandikiwa akanunue duka la nje zilikuwa 1,250. Mkononi alikuwa na 800.

Kilichouma zaidi si hicho. Mama aliona haya kueleza. Siku mbili baadaye mwanachama mmoja aliuliza kwenye kundi, mbele ya watu wote: "Kwani ile 3,400 ilienda wapi?"

Mtoto alipona na kurudi nyumbani baada ya siku tano. Lakini kikundi kilikaribia kuvunjika.

Tumeamua kuandika makala haya kwa sababu pesa ile ilipitia kwenye simu, na sisi kazi yetu ni pesa za kwenye simu. Tuseme ukweli: mkopo wa aina hiyo hufanya kazi hivyo kila mahali, hata kwetu. Mtambo haujui kwamba shilingi 200 inayoingia ni mchango wa mgonjwa. Unaona deni, unakata. Mwenye kujua tofauti ni wewe, na ndiyo sababu tunataka ujue mapema, kabla simu ya saa nane usiku haijalia.

Ugonjwa usiochagua saa

Ili uelewe kwa nini wazazi hawa hawawezi kungoja mwisho wa mwezi, inafaa ujue selimundu inafanya nini mwilini.

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupita kwenye mishipa midogo bila taabu. Kwa mtu mwenye selimundu, chembe hizo hujikunja zikawa na umbo la mundu. Zikijikunja hukwama, damu haipiti, na sehemu iliyokosa damu huuma vibaya sana. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini iliyojikunja huishi siku kumi hadi ishirini tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu mara kwa mara.

Baridi, kukosa maji, malaria au maambukizi mengine yanaweza kuleta maumivu hayo ghafla. Leo mtoto anacheza kati, kesho yuko wodini. Hapa Kenya ugonjwa huu unapatikana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, sehemu ambazo malaria imekaa miaka mingi.

Mtu huzaliwa nao. Hauambukizwi, hautokani na kurogwa, na si kosa la mama. Mtoto hupata selimundu anaporithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wawili waliobeba chembe hizo bila kuugua, katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atakuwa na ugonjwa. Tunasema hivi kwa sababu katika kikundi cha Mwalimu akina mama kadhaa waliachwa na waume zao baada ya mtoto kupimwa. Baba aliyeondoka akisema "kwetu hatuna ugonjwa huo" naye ni nusu ya jibu.

Gharama zenyewe huja kwa njia mbili. Kuna zile za kila siku: vidonge vya foliki, dawa ya kukinga malaria, haidroksiyurea kwa walioandikiwa, nauli ya kliniki. Hizi unaweza kuzipangia. Halafu kuna zile za usiku. Hizo ndizo huvunja watu.

Hali haiko tofauti sana kwa magonjwa mengine ya muda mrefu. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo huenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine saa nne hivi. Hata bima ikilipia mashine, nauli ni yake, chakula ni chake, na siku hiyo hafanyi kazi. Mwenye kisukari anahitaji dawa zake hata mwezi ambao biashara imelala. Ugonjwa wa muda mrefu na ulemavu nao ni majirani. Selimundu inaweza kumletea mtoto kiharusi, kisukari kinaweza kuchukua macho au mguu. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Aliye mzima leo asidhani habari hii ni ya wengine.

Walichobadilisha

Baada ya swali lile la "ilienda wapi", Mwalimu aliitisha kikao. Mama alieleza, akalia, na yule aliyeuliza akaomba msamaha. Kisha wakakaa chini kutafuta dawa ya tatizo lenyewe. Haya ndiyo waliyokubaliana, na tunaona yanaweza kusaidia kikundi chochote.

*Lipa huduma, usitume taslimu ya dharura.* Sasa mgonjwa akikimbizwa, mweka hazina hulipa dereva moja kwa moja kwenye nambari yake, hulipa duka la dawa kwenye till, na hospitali kwenye paybill yake, akiweka nambari ya mgonjwa kama akaunti. Pesa haipitii kwenye laini yenye deni, na mama hakatwi ada ya kutoa. Ujumbe wa malipo unabaki kuwa risiti. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina la unayemlipa mara mbili. Usiku, na wasiwasi ukiwa juu, kosa la tarakimu moja ni rahisi.

*Anza kuchanga kabla ya shida.* Kila mwanachama hutoa shilingi 100 kwa wiki. Watu 22 ni 2,200 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 114,400. Haba na haba hujaza kibaba. Zamani kila dharura ilikuwa harambee mpya, na watu huchoka kuombwa. Sasa pesa iko tayari, na mzazi haombi. Anachukua haki yake.

*Deni la mtu ni siri yake.* Hakuna anayelazimishwa kueleza kwa nini ana mkopo. Swali ni moja tu: "Tukulipie wapi?"

*Anayetunza simu si mmoja.* Hili linahitaji maelezo zaidi.

Pesa za kikundi zikae wapi?

Vikundi vingi huanza na laini ya mweka hazina. Anaaminika, kwa hivyo pesa zinawekwa kwake. Hatusemi ni mwizi. Tunasema ni binadamu. Simu yake inaweza kuibiwa. Anaweza kuwa na deni lake mwenyewe, na michango ya wagonjwa ikamlipia bila yeye kujua. Na akifariki, pesa zilizo kwenye laini yake huhesabika kuwa mali yake, hivyo kikundi kitabaki kikingoja familia imalize mambo ya urithi huku mtoto wa mtu yuko wodini.

Njia bora ni kikundi kiwe na akaunti yake, iwe ni paybill, benki au sacco, yenye watu zaidi ya mmoja wa kuidhinisha malipo. Kwa hilo mtahitaji kusajiliwa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, watu wasiopungua kumi wanaweza kusajili kikundi kwenye ofisi ya Maendeleo ya Jamii iliyo karibu nao. Andaeni katiba yenu, kumbukumbu za mkutano mliochagua viongozi, na orodha ya wanachama.

Mkishapata akaunti, taarifa yake isomwe kila mkutano, kwa sauti, mstari kwa mstari. Kikundi cha Mwalimu hufanya hivyo kabla ya chai. Anasema tangu waanze, hakuna aliyewahi kuuliza tena pesa ilienda wapi.

PIN ni ya mwenyewe, hata kama haoni

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko nyinyi, na hatutalikwepa.

Mtu asiyeona akienda kwa ajenti kutoa pesa, mara nyingi huambiwa: "Lete simu, nikubonyezee. PIN yako ni ngapi?" Anaitaja kwa sauti, na foleni yote inasikia. Huyo amelazimishwa kuchagua kati ya pesa yake na siri yake. Mteja mmoja mwenye duka dogo alituambia kwamba kwa miaka mingi PIN yake ilijulikana na mpwa wake, jirani na maajenti wawili. "Nilikuwa kama mtu anayelala mlango wazi," alisema, "halafu asubuhi nahesabu viti."

Kama wewe ni ajenti: usiulize PIN ya mtu, awe anaona au haoni. Msomee kiasi na jina kwa sauti ya chini, mpe simu mwenyewe abonyeze, na umhesabie noti mkononi moja moja ukitaja kila moja ni ya ngapi.

Kama wewe ndiye usiyeona vizuri: simu nyingi za kisasa zina msomaji wa skrini ndani yake. Kwenye Android inaitwa TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver. Huwashwa kwenye mipangilio, bila malipo. Tumia visikizi vya masikioni ukiwa mahali pa watu, ili salio lako lisisomewe stendi nzima. Simu ndogo za vitufe hazina sauti hiyo, na menyu ya nyota na reli hukatika haraka kabla mtu hajamaliza. Tunajua. Ukiwa katika hali hiyo na ni lazima usaidiwe, mchague mtu mmoja unayemwamini wewe, si yule aliyeko karibu, na ubadilishe PIN unaposhuku jambo.

Kwa wateja viziwi, tatizo ni jingine. Mtu akiambiwa "piga simu huduma kwa wateja" na hasikii, ni sawa na kuambiwa hakuna huduma. Uliza msaada kwa ujumbe wa maandishi au fika dukani. Ajenti naye, ukihudumia mteja kiziwi, mtazame usoni, andika kiasi kwenye karatasi au kwenye skrini, na usimgeukie aliyemsindikiza kana kwamba mwenye pesa hayupo.

Kutoka kuomba hadi kudai

Michango ni muhimu, lakini michango peke yake haimalizi shida. Kikundi cha Mwalimu kilitambua hivyo kwa sababu ya chupa ya maji.

Mtoto mwenye selimundu anatakiwa kunywa maji mengi, na anayekunywa maji mengi huenda msalani mara nyingi. Watoto wao walikuwa wakikatazwa kutoka darasani, wengine wakiadhibiwa kwa "usumbufu". Wazazi wakaenda shuleni, kumi kwa pamoja, na barua fupi ya daktari. Waliomba vitu vitatu: mtoto awe na chupa yake ya maji, aruhusiwe kutoka bila kuuliza, na avae sweta asubuhi za baridi hata kama si sare. Haikugharimu shule hata shilingi. Mzazi mmoja alikuwa amejaribu peke yake mwaka uliotangulia akarudishwa langoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wewe pia una mahali pa kuegemea. Kipengele cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pa umma, kutumia usafiri na kupata habari, na kutumia lugha ya ishara au Braille. Kipengele cha 43 kinahusu haki ya afya kwa kila mtu. Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Na mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Aliyeupeleka mswada huo katika Seneti ni Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu wa kuona. Sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitetewa na watu na vyama, kama Muungano wa Watu Wenye Ulemavu wa Kenya, UDPK, ulioanza mwaka 1989.

Haya machache ni ya kufuatilia wiki hii:

1. Kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Utapimwa kwanza katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Usajili ndio mlango wa mengine: vifaa vya kusaidia mwili, misaada ya masomo na ruzuku za vikundi kupitia hazina ya maendeleo ya baraza hilo.

2. Msamaha wa kodi. Aliyesajiliwa na kupata cheti cha KRA halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Wafanyakazi wengi wanaostahili hawajawahi kuomba.

3. Zabuni. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO.

4. Inua Jamii. Kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa zinaweza kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Waulize chifu na afisa wa maendeleo ya jamii jinsi ya kuandikishwa.

5. Bima ya SHA. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unajisajili kwa *147#. Wasioajiriwa hulipa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hapa kikundi kinaweza kufanya kazi kubwa. Cha Mwalimu huwakopesha wanachama hizo 3,600 bila riba, nao hurudisha kidogo kidogo.

Wanaovuna kwa machozi ya wengine

Palipo na huruma, matapeli hawako mbali. Ukiona picha ya mtoto mgonjwa na nambari ya kutuma pesa, uliza jina la hospitali na nambari ya mgonjwa, kisha lipa kwenye paybill ya hospitali yenyewe. Mchangishaji wa kweli atafurahi. Tapeli atakuambia "haraka, tuma kwa hii laini tu".

Kuna na wale wanaowalenga watu wenye ulemavu wenyewe: "Umechaguliwa kupokea pesa za serikali, tuma 500 za usajili." Pesa ya msaada haianzi kwa wewe kutuma pesa. Kata simu, kisha uulize kwenye ofisi ya kaunti.

Na sisi tunaochangisha kwa nia njema tujichunge. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mtoto atakua. Picha yake akiwa na mirija puani itabaki kwenye simu za watu mia tatu. Andika kiasi kinachohitajika, kilichokwisha kupatikana na kilichobaki. Uso si lazima, na ukitaka kuuweka, mwombe mwenyewe ruhusa, au mzazi wake.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Fanya jambo moja dogo. Angalia laini yako kama ina deni la mkopo. Kama lipo, mwambie mtu mmoja unayemwamini nambari za kulipia badala ya laini hiyo siku ya dharura: ya dereva wa mtaa, ya duka la dawa, ya hospitali. Ziandike kwenye karatasi, ubandike nyuma ya mlango.

Mwalimu anazo kumi na moja kwenye daftari lake. Mwezi uliopita simu yake ililia tena saa tisa usiku. Alikuwa mama yuleyule. Mwalimu alimlipa dereva kabla gari halijafika langoni, akalipa dawa asubuhi, na kwenye kundi akaandika mstari mmoja: "Mtoto amefika hospitali, imelipwa, salio la kikundi limesomwa na wawili." Aliyejibu wa kwanza ni yule aliyewahi kuuliza pesa ilienda wapi.

"Asante Mwalimu," aliandika. "Nani anampelekea mama chai?"